Kituo cha Saba

Walikuja na ramani iliyokunjwa mara nane,
wakaitandaza juu ya boneti ikiwa bado ya moto,
wakaweka jiwe kila pembe.
Njia ya Urithi, akasema Bwana Changawa wa kaunti:
toka Malindi, Ganda, Kakoneni, hadi Jilore,
vituo tisa, vibao tisa vya rangi ya kahawia.
Wewe, Bi Nyevu, ni kituo cha saba.

Sikujua kama mtu anaweza kuwa kituo.

Barabara hii twaijua. Magari ya wageni huipita alfajiri
kwenda kuwatazama ndovu Tsavo, vioo vimefungwa,
na jioni hurudi, vioo vimefungwa,
nasi tupo hapa katikati na mahindi yetu,
tukihesabiwa pamoja na vumbi.

"Una nini cha kale?" akauliza, kalamu tayari.
Nikamwonyesha mikorosho ya nyanya, safu nne,
na ule mmoja uliokaidi ukaota kando ya kisima.
Nikamwonyesha mzani wa pamba wa baba:
ndoana ingali pale, pamba ndiyo iliyokwenda,
na deni la ushirika, ambalo nalo ni la kale.
Akaandika mikorosho. Akaandika mzani.
Deni hakuliandika.

Kisha nikampeleka nyuma ya zizi,
penye tundu ardhini, upana wa kiganja,
kina chake mkono mpaka kiwikoni.
Hapa alisimama babu Thoya,
kigango chake cha mti mgumu usioliwa na mchwa,
pembetatu zimechongwa kifuani,
kitambaa chekundu kiunoni.
Usiku mmoja, mwaka wa njaa, mtu alimng'oa.
Labda kijana wetu. Labda kwa bei ya gunia la unga.
Nasikia wenzake husimamishwa penye taa na baridi,
watu wakiwazunguka, mikono nyuma,
wala hapana mmoja
anayewamwagia japo tone la mnazi.

Changawa akavua miwani, akaifuta kwa shati.
"Mama, wageni hawawezi kuendesha gari mwendo wote huu
kuja kutazama shimo."
"Basi na wapite," nikasema. "Wamezoea."

Kibao kililetwa baada ya palizi.
Jina langu wamelikosea, wameandika Neru.
Nikalisahihisha kwa makaa.
Mvua ikanyesha, likarudi kuwa Neru,
nikalisahihisha tena.
Tundu la nguzo yake nililichimba mwenyewe,
hatua tatu kutoka kwa lile jingine,
nisije siku moja nikayachanganya.

Gari la kwanza liliuliza choo kiko wapi.

Gari la pili: baba na binti, wa huko Nakuru.
Baba akaupiga picha mzani, akajipiga na mzani.
Binti akapiga magoti nyuma ya zizi,
akatia mkono, wote, mpaka kiwikoni.
"Kuna baridi," akasema.
Halafu: "Mbona hamjalifukia?"
Nikamwambia, tukilifukia atarudi wapi?
Akautoa mkono polepole, hakuupangusa udongo.

Baba alinunua korosho kilo mbili, hakuomba kupunguziwa.
Nilipozihesabu zile noti nilikuwa kama mtu
aliyeuza kitu kingine, asijue ni kipi.
Hata hivyo nilinunua jembe.
Mpini wake bado mweupe.

Jana nilikuwa nakaanga, moshi machoni,
nikasikia gari linapunguza mwendo penye kibao.
Nikafunga leso vizuri, nikatoka na ungo.
Lilikuwa linakwepa mbuzi wa Mbeyu.
Likashika kasi, likaenda na ndovu wake.
Vumbi likatua juu ya mihogo, juu ya korosho zangu,
juu ya ile namba saba.

Nikaifuta kwa pindo la leso.
Makaa nilikuwa nayo mkononi,
nikalikoleza na jina.